Pasi ya Pili

Mwezi ule wa kumi, nyumba ya akina Hrycak ilikuwa na mawinga wawili wa hoki ya barafuni na nafasi moja. Winga wa kwanza alikuwa mtoto wa nyumba, Kirby. Wa pili alikuwa Emile Desjarlais, mtoto wa watu kutoka kaskazini, ambaye timu ilimleta kwao alelewe. Ndivyo tunavyofanya hapa Kelsall. Mchezaji anayetoka mbali anapewa familia, familia inampa kitanda, inamlisha na kumfulia, naye anamwita mwenye nyumba mama mpaka theluji iyeyuke. Huu ulikuwa msimu wa tatu Emile anamwita Darlene Hrycak mama.

Shida ilikuwa umri. Vijana wote wawili walikuwa wametimiza miaka ishirini, na ligi yetu ya vijana inaruhusu kila timu kubaki na watatu tu wa umri huo. Korongo wa Kelsall, ndiyo timu yetu, walikuwa nao wanne. Kipa hakuna wa kumgusa, nahodha hakuna wa kumgusa. Kwa hiyo kabla Sikukuu ya Shukrani haijaisha, kocha alipaswa kumwacha mmoja kati ya hawa wawili waliokuwa wakilala chumba kimoja cha chini, vitanda vikitazamana. Anayebaki analipiwa mwaka mwingine wa chuo. Anayeachwa, kama hakuna timu itakayomtaka, anavua viatu vya barafu na kutafuta kazi.

Mwaka wa kwanza Darlene alimpenda Emile. Mwaka wa pili alimzoea. Mwaka huu alikuwa anamwonea wivu, na sisi tunaokaa nyuma ya kibanda chake cha kuandikia mabao uwanjani tuliujua wivu huo kabla yeye mwenyewe hajaupa jina. Tuliuona katika namna alivyokuwa akimtafuta mumewe kwa macho. Orest Hrycak hakai kwenye kiti. Goti lake baya halimruhusu kukunja mguu muda mrefu, basi husimama kwenye kona, pua kwenye kioo kinachozunguka barafu, na wanawe wakiingia barafuni kichwa chake huanza kwenda huku na huku. Darlene aligundua kwamba kichwa hicho hakimfuati mwenye jezi namba tisa. Kinamfuata kumi na saba. Namba tisa ndiye Kirby.

Hebu fikiria, mama wa watu umekaa ndani ya kibanda, mtoto wako yuko mbele yako anateleza kama maji, na baba yake mzazi anamtazama mtoto wa mwenzie. Roho ilimuuma.

*

Alhamisi alikuwa jikoni anatengeneza pirohi za sikukuu, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, unga umemfika viwikoni, viazi na jibini vimeshapondwa, Orest aliporudi kutoka ghala la nafaka. Hakuvua koti. Mwanamume anayesimama jikoni na koti lake ana neno.

"Kocha Bjornson kapita ghalani leo," alisema.

"Kutafuta ngano?"

"Kuniuliza kuhusu vijana."

Darlene akaendelea kukata miduara ya unga kwa glasi, moja baada ya nyingine. Bjornson alikuwa kocha kijana, kompyuta haimtoki kwapani, lakini alimheshimu Orest. Alizoea kusema kwamba watu wote uwanjani wanatazama kisahani, ule mpira bapa wa hoki, Orest peke yake ndiye anatazama wachezaji.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ninachokiona."

"Orest, nimekuuliza swali dogo tu. Umemtaja nani?"

Orest akaenda kwenye sinki, akaosha mikono ambayo haikuwa michafu.

"Emile."

Glasi ikatua mezani. Kwa muda Darlene alihisi kama amepigwa kofi mbele ya wageni, ingawa jikoni walikuwa wawili tu.

"Umesema Emile."

"Kaniuliza nani ni winga bora, Dar. Hakuniuliza nani ni mwanangu."

"Mwanao ana pointi nyingi kuliko yule. Si mimi ninayesema. Ipo kwenye tovuti ya ligi, dunia nzima inaona. Mabao zaidi, pasi zaidi. Au siku hizi bao si bao?"

"Bao ni bao. Lakini hiyo tovuti inakuambia kisahani kimeingia. Haikuambii nani alikwenda kukitoa walikokificha."

"Maneno hayo kawaambie panya wa ghalani."

"Haya, nisikilize. Jumamosi mtazame Kirby wakati kisahani kiko kona ya mbali. Anafanya nini? Anasubiri. Anajua pa kusimama, ana mkono mzuri, kikimfika anafunga. Sikatai. Sasa mtazame Emile. Anaingia konani na mabeki wawili, wanambana, wanampiga viwiko, anatoka nacho. Kinakwenda kwa mtu, kinakwenda kwa mwingine, Kirby anafunga. Wewe unaandika Kirby, na wale wawili waliogusa mwisho. Emile hupati pa kumwandika."

"Kwa hiyo mwanangu mvivu."

"Sijasema mvivu."

"Umesema anasubiri. Mtu anayesubiri wenzie wafanye kazi ndiyo ale, kwenu mnamwitaje?"

Orest akafuta mikono kwenye suruali. Na Darlene, ambaye kwa miaka ishirini na kitu alikuwa akijua mahali pa kumgusa mumewe ili aumie, akapagusa.

"Wewe unaogopa. Unaogopa wale wazee wenzio wa kwenye kioo waseme Orest kambeba mwanawe. Basi umemtupa mtoto ili usemwe vizuri. Macho gani hayo unayojivunia? Ni woga tu huo, umeupa miwani."

"Inawezekana," Orest alisema polepole. Akavua koti, akalitundika, akashuka chini kuangalia joto la nyumba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Simu ikalia palepale. Alikuwa Bernadette, mama yake Emile. Kila baada ya mechi alipiga, kwa sababu mwanawe hakuwa mtu wa kueleza, na kwao kaskazini intaneti hairuhusu kutazama mechi, inaleta namba tu.

"Dada Darlene, samahani nakusumbua. Jana kacheza vipi? Huku naona sifuri, sifuri, sifuri."

"Vizuri."

"Vizuri vipi? Hakuumia?"

"Vizuri tu, Bernadette. Nina unga mikononi."

"Aa, pole. Msalimie basi. Mwambie avae soksi nzito."

"Nitamwambia," Darlene alisema, na hakumwambia.

*

Sasa nieleze kazi ya Darlene, maana bila hiyo yasingetokea yaliyotokea. Tangu Kirby ana miaka minane, Darlene ndiye mwandishi wa mabao pale uwanjani. Hulipwi kwa kazi hiyo, unapewa kahawa. Bao likifungwa, refa anakuja kwenye kidirisha na kutaja aliyefunga. Pasi mbili za mwisho zilizozaa bao anaachiwa mwandishi, aseme zilikuwa za nani. Mfungaji anapata pointi, na kila mmoja wa wale wawili anapata pointi. Zile namba zote ambazo makocha wanazisoma kwenye kompyuta zao mji hadi mji, na kubishana nazo, na kununua watu kwa ajili yake, zinaanzia kwenye kalamu ya mama mmoja aliyevaa glavu zisizo na vidole.

Hakuwa mwizi. Watu wa Kelsall wangekuapia. Penye shaka, ni kweli, shaka ilikuwa na tabia ya kumwangukia Kirby, lakini mzazi gani hana tabia hiyo? Tulimsamehe, hata hatukuwa tunaliita kosa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Ndani ya kibanda alikaa na Val Penner, mwenye kipaza sauti, mwanamke mwema ambaye ubaya wake ni kusema kila kinachopita kichwani.

"Nimekutana na Orest mlangoni," Val alisema kabla hata mechi haijaanza. "Anamsifia Emile, weee! Ungedhani kamzaa yeye."

"Kunywa kahawa yako, Val."

"Nasema tu. Na yule mtoto anavyofanana naye kutembea! Ule mchechemeo."

"Emile hachechemei."

"Akishapigwa anachechemea. Kama Orest enzi zake. Hukumbuki?"

Darlene alikumbuka sana. Alimpenda Orest akiwa winga wa kuingia konani, akitoka na damu kwenye meno, na sasa alimwona, ng'ambo ya barafu, amebandika pua kwenye kioo, anamtazama kijana mwingine anayecheza ujana wake. Kirby alikuwa amerithi macho ya mama yake na mikono ya mama yake. Cha baba yake, hicho Orest alichokuwa anakitafuta mechi baada ya mechi, alikuwa nacho mtoto wa Bernadette. Hapo ndipo wivu wake ulipopata jina, na jina lenyewe likamwaibisha, na aibu ikamzidishia hasira.

Mechi ilikuwa ngumu. Mpaka katikati ya kipindi cha tatu ilikuwa mbili kwa mbili, na si Kirby si Emile aliyekuwa na pointi. Kisha kisahani kikazama kona ya kushoto, mbele ya uso wa Orest kabisa. Emile akakifuata. Mabeki wawili wakamfuata. Tulisikia ule mlio wa mwili na ubao mpaka juu kwenye viti vya bei rahisi. Alipiga goti moja, mtu mmoja mgongoni, mwingine amemkandamizia kofia kwenye kioo, na gongo lake likawa linafukua chini ya miguu ya watu wale kama kuku anayefukua jaa. Kisahani kikatoka. Kikamfika beki wetu, namba tano. Beki akapiga, nahodha akakigusa njiani, wavuni.

Kirby wakati huo alikuwa upande wa pili, peke yake, mkono juu, anaomba pasi.

Tulishangilia mpaka koo zikakauka. Refa akaja kidirishani, akataja namba ya nahodha, akaondoka. Val akawasha kipaza sauti.

"Bao la Korongo, mfungaji namba kumi na nne! Pasi ya kwanza, namba tano! Pasi ya pili..." Akamgeukia Darlene.

Ng'ambo ya barafu Orest alikuwa anapiga kioo kwa viganja vyote viwili. Hajawahi kupiga kioo hivyo kwa bao la Kirby. Hata lile la fainali ya mwaka juzi.

"Tisa," Darlene alisema.

Val akafunika kipaza sauti. "Tisa? Kirby? Si alikuwa kule?"

"Val, kazi yako ni kusoma au kuandika?"

"Kusoma."

"Soma."

Val akasoma. Jina la Kirby Hrycak likazunguka uwanja mzima, na wale wazee wa kwenye kona wakageuka, mmoja mmoja, kutazama kibanda. Orest hakugeuka. Mikono yake ilibaki kwenye kioo, imeacha kupiga.

Kuna adabu moja kwenye mchezo huu. Mchezaji akipewa pasi isiyo yake, anateleza mpaka kwenye kibanda, anagonga kioo kwa gongo, na kumwonyesha mwenyewe. Haichukui muda, na hakuna anayekasirika. Kirby alikuja. Alisimama mbele ya mama yake, gongo limeinuka nusu, wakatazamana. Darlene akainamisha macho kwenye karatasi. Alipoyainua, Kirby alikuwa ameshageuka anarudi benchi, na Emile, mdomo unavuja damu, alikuwa anampiga piga kwenye kofia kumpongeza.

*

Kwenye pikapu walikuwa wawili. Vijana walikwenda na basi la wachezaji wenzao kula piza. Orest aliendesha mpaka karibu na nyumbani ndipo akasema.

"Pasi ya pili ilikuwa ya nani?"

"Unauliza au unajua?"

"Nilikuwa nimesimama pale, Dar. Nilimsikia anavyohema."

"Basi macho yako yamwandikie."

"Ligi wanapokea masahihisho mpaka kesho saa sita mchana. Simu moja tu. Unasema ulichanganya jezi."

"Tisa na kumi na saba zinafanana?"

"Usicheze na mimi."

"Wewe ulipoulizwa ulikuwa na mdomo, ukautumia. Mimi nina kalamu." Akamgeukia mumewe. "Mtu mmoja katika nyumba hii awe upande wa Kirby. Mmoja tu, Orest. Ni mengi hayo?"

Orest akazima gari, wakakaa. Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka kidogo kidogo kwenye kioo. Alitaka kumwambia kwamba tangu Alhamisi hakulala vizuri, kwamba hakuwa na hakika tena kama alikuwa amemwona Emile au alikuwa amejiona yeye, lakini hakuwa mtu wa maneno ya namna hiyo. Akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango kama kawaida.

Jumapili saa sita mchana ilipita Darlene akiwa anampaka bata mzinga siagi.

*

Walikuwa wamekaa mezani wanne, bata mzinga katikati, bakuli la pirohi na vitunguu vya kukaanga pembeni, Emile anakula upande mmoja wa mdomo kwa sababu ya nyuzi mbili alizoshonwa.

"Mama Darlene, pirohi za leo umezipatia," alisema. "Mama yangu anasema nikirudi bila kujifunza hizi nisirudi."

"Kula basi."

"Huyu hata hewa angeila," Kirby alimtania. "Tangu aletwe hapa sahani haijawahi kumshinda. Tukimwacha, friji itaomba uhamisho."

Emile akacheka, akashika mdomo kwa maumivu. Kirby naye akacheka, lakini macho yake hayakumfuata mtu usoni. Hapo kengele ikalia.

Kocha Bjornson akavua viatu mlangoni, akasimama na soksi zake kwenye zulia, kompyuta kwapani siku ya sikukuu. Darlene akamtazama usoni, kisha akasimama nyuma ya kiti cha Kirby na kuweka mikono mabegani mwake. Moyo ulimwambia ameshinda. Kocha hakuwa na sura ya mtu anayekuja kumtimua mgeni kwenye meza ya watu, lakini namba ni namba. Tena alikuwa ameshajiandaa kumhurumia Emile. Alikuwa ameshafikiria hata kumfungashia chakula cha njiani.

"Kaa, ule," Orest alisema.

"Siwezi kukaa, asante. Kirby, nimekuja mwenyewe nisikupigie simu." Kocha akakohoa. "Timu ya Fort Ansley wamekuomba. Wanatupatia beki mzuri badala yako. Wanakutaka Jumatano uwe kule."

Uma wa Emile ukatua sahanini. Fort Ansley iko ng'ambo ya milima, ukiendesha mchana kutwa unalala njiani na kuendesha tena.

"Amekosa nini yeye ndiye aende?" Darlene aliuliza. "Yeye ndiye mwenye pointi. Angalia hiyo kompyuta yako. Angalia!"

"Ndiyo sababu, Bibi Hrycak." Bjornson hakuwa mkatili, alikuwa anaeleza tu, na maelezo yake yalikuwa mazuri kupita kiasi. "Nilikuwa na mawinga wawili, mmoja lazima aondoke. Emile nimemtangaza kwa timu zote, hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina lake mara mbili. Wakitazama namba zake wanaona mtu wa kawaida. Ningemwacha, ningempoteza bure. Lakini Kirby ana soko. Fort Ansley hawajaja kumwona hata mechi moja, wao wana kanuni yao, hawachukui winga aliye chini ya pointi moja kwa kila mechi. Wiki nzima walikuwa wananizungusha kwa sababu alipungukiwa kidogo. Jana usiku ile pasi ya pili ikamfikisha. Leo asubuhi wamepiga wenyewe."

Mikono ya Darlene ilibaki mabegani mwa mwanawe. Kwa upande mwingine wa meza Orest alikuwa anatazama sahani yake, na hakuinua macho kumtazama mkewe, na huo ndio ulikuwa upole mkubwa kuliko wote aliowahi kumfanyia. Emile ndiye aliyesimama. Alimzunguka kocha, akamkumbatia Kirby kutoka pembeni, kwa nguvu, kichwa kwa kichwa, na Darlene ikabidi aondoe mikono kumpisha.

*

Jumanne asubuhi Kirby alikuwa anafunga begi chumbani chini. Darlene alishuka na soksi alizozifua, akazipanga, akazipangua, akazipanga tena.

"Watakupa mama mwingine kule," alisema.

"Nimeshaongea naye. Anaitwa Colleen. Sauti yake ni ya haraka haraka."

"Umwambie hupendi uyoga."

"Mama, nina miaka ishirini. Nitasema mwenyewe kuhusu uyoga." Akavuta zipu, ikakwama, akaiacha. "Ile pasi haikuwa yangu."

"Najua."

"Nilikuja nikugongee kioo."

"Niliona."

"Sikugonga kwa sababu niliitaka. Emile alikuwa amelala pale chini wanamkanyaga, mimi nimenyoosha mkono kama mtu anayesimamisha basi, na niliitaka hivyo hivyo. Nilimwonea wivu, Mama. Baba hajawahi kunipigia kioo vile." Akakaa kitandani, akatazama kitanda cha pili kilichokuwa mbele yake, kimetandikwa vibaya kama siku zote. "Sasa kule wanamsubiri yule wa kwenye kompyuta. Nitashuka kwenye gari mimi."

Darlene alitaka kumwambia kwamba yeye ni winga mzuri, na ilikuwa kweli. Lakini alikuwa ameshaharibu thamani ya maneno yake, na wote wawili walijua. Akamsaidia kuvuta zipu.

Orest ndiye aliyempeleka. Wakiwa wanapakia magongo nyuma ya pikapu tulimwona amemshika mwanawe kisogo na kumwambia kitu kirefu sikioni. Alichosema hatukijui. Ila Kirby alitikisa kichwa kukubali mara nyingi, na Darlene, dirishani, aliona wivu hata wa hicho.

*

Jumamosi iliyofuata alikwenda kibandani kwa mazoea. Val, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakusema kitu. Barafuni hapakuwa na namba tisa. Darlene akakaa na kalamu yake, macho hayana pa kwenda, na kwa kuwa lazima macho yatue mahali, yakatua kwenye kumi na saba.

Siku ya pili, Jumapili baada ya misa, akapiga simu Fort Ansley. Kirby hakupokea, labda alikuwa amelala. Akampigia yule mama.

"Colleen, samahani nakusumbua. Ni Darlene, mama yake Kirby. Jana kacheza vipi? Huku naona sifuri."

"Vizuri!" Colleen alisema. Nyuma yake maji yalikuwa yanamwagika na mbwa anabweka.

"Vizuri vipi? Alionekana... aliingia kona hata mara moja?"

"Mpenzi, mimi hoki hata siielewi sana. Vizuri tu. Anakula, analala. Nina sufuria motoni, sawa?"

Simu ikakatika. Darlene alibaki ameishika. Kutoka chini alisikia miguu ya Emile anatafuta viatu vyake, ule mchechemeo anaoupata akishapigwa. Val alikuwa amesema kweli.

Hakuacha kumwonea Emile wivu siku ile, asikudanganye mtu. Alimwonea wivu kwa kuwa yuko, kwa kuwa kitanda chake kina mtu. Lakini alitafuta namba ya kaskazini, akapiga yeye, kwa mara ya kwanza katika misimu mitatu.

"Dada Darlene?" Sauti ya Bernadette ilikuwa imeshtuka. "Kuna nini? Ameumia?"

"Hajaumia. Umeona namba zake za jana?"

"Sifuri," Bernadette alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi.

"Ziache hizo. Una nafasi?"

"Ninayo."

Darlene akavuta kiti, akakaa, akafumba macho ili aone vizuri.

"Basi sikiliza. Mechi imeanza, kisahani kimekwenda kona ya kushoto, na mwanao ndiye wa kwanza kufika..."